Ufa Uzibwe, Usifichwe

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ufa uzibwe kwa rangi. Nalisema hili kwa kuwa mafundi wetu wa ala za muziki, nasi tununuao, tumeanza kuchanganya kutengeneza na kuficha.

Karibuni nilifika Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabati uliopakana na viwanda vya Nairobi. Mwaka 2017 serikali ya kaunti iliutangaza, pamoja na mitaa jirani ya Mukuru, kuwa eneo la mpango maalumu. Huko nilimkuta fundi kijana aundaye ngoma, matari na magitaa kwa mbao za makasha ya mizigo na vipande vilivyosazwa na maseremala. Mbao za namna hiyo hazikosi ila: hapa pana fundo, pale tundu la dumuzi, na kule ufa mwembamba kama unywele.

Nilimtazama kazini. Tundu la dumuzi hulisafisha kwanza na kuhakikisha mdudu hayumo, kisha hulijaza unga wa mbao ile ile uliochanganywa na gundi, na likikauka hulipiga msasa. Fundo linalochezacheza halibembelezi. Hulitoa na kupachika kiraka cha mti wa jamii moja, nyuzi zake zikifuata nyuzi za ubao. Ufa huupenyeza gundi, akaubana usiku kucha, na kwa ndani akabandika vijipande vyembamba vya kuukatiza usiendelee.

"Lakini mkono wa gitaa ukiwa na fundo, mzee, huo ni kuni," akaniambia. Kweli, maana hapo ndipo nyuzi za ala zinapovuta mchana na usiku.

Asidhani mtu kwamba huu ni ufundi wa wanyonge. Waunda majahazi wa Lamu huziba nafasi za mbao kwa kalafati, pamba iliyotiwa mafuta, na chombo kikavuka bahari. Kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa, iundayo klarineti kwa mpingo, husaga mabaki ya mti huo, ikachanganya unga wake na nyuzi za kaboni na gundi, na kutoa klarineti nyingine. Mpingo huo humea kwetu Afrika ya Mashariki. Ikiwa mabwana wakubwa hawautupi unga, sisi twatupaje ubao mzima kwa tundu moja?

Tena ufa haumngojei fundi mbaya. Udi ulioundwa Mombasa penye unyevu wa pwani, ukipandishwa Nairobi, zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari, wakati wa kiangazi mbao zake hukauka na kujikunja, na uso wake waweza kupasuka. Mti una tabia yake.

Sasa nije kwenye lawama. Nilimwuliza kijana yule mbona ala zake nyingi amezipaka rangi nyeusi nzito. Akajibu, "Mzee, mteja akiona kiraka hurudi nyuma." Basi kosa si lake peke yake. Sisi tunaoagiza matari ya maulidi na udi wa taarabu twataka mti usio na doa, kwa bei ya mbao za makasha. Hivyo twamfundisha fundi kudanganya.

Tuliosoma chuoni twakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta chini pamelowa. Alimwuliza mwenye mali mbona hakuliweka lile lililolowa juu, watu walione. Na sheria ya biashara humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu kilichofichwa aibu yake. Hakukatazwa kuuza chenye ila; kilichokatazwa ni kuificha.

Kwa hiyo, fundi amwonyeshe mnunuzi kiraka, amweleze alivyokitia, na bei iifuate kazi. Naye mnunuzi aigonge ala, aisikilize, aukague mkono wake, kisha aamue kwa sikio kabla ya jicho. Tukifanya hivyo, vijana wa Mukuru watapata riziki ya halali na sisi tutapata ala zinazodumu. Tukikataa, tutaendelea kununua rangi, na siku ngozi ya tari itakapovutwa, ufa utajitangaza wenyewe mbele ya watu.