Kamera ya gari: usiniulize ni K ngapi, niulize faili la mwisho ni la lini

Jamaa mmoja kazini alinijia juzi, simu mkononi, kurasa tatu za maduka zimefunguliwa. "Wewe ndiye mtu wa kompyuta, nichagulie kamera ya gari. Hii ni 4K, hii ni 2K, na hii ina skrini kubwa." Nikamwuliza swali moja tu: ikiharibika, itakuambia? Akanitazama kama niliyemwuliza jina la nyanya yake.

Haya, ndugu msomaji, nikueleze kwa nini huwa naanza na swali hilo. Jibu lake nililinunua kwa bei ghali.

Jumapili moja ya mwaka 2023 nilikuwa natoka Naivasha kurudi Nairobi na kaVitz kangu. Anayeijua Kinungi Jumapili jioni hana haja ya kuelezwa: malori yanapanda taratibu, magari madogo yamebanana nyuma yao kama siafu. Lori lililokuwa mbele yangu likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Nikapiga honi. Nikapiga tena. Nyuma yangu kulikuwa na matatu, sikuwa na pa kwenda. Likaja polepole, likakalia boneti yangu.

Dereva akashuka, mtu wa makamo, wala hakuwa na hasira. "Kijana, mbona umenigonga?"

"Mzee, si wewe umerudi nyuma!"

"Nirudi nyuma vipi na nimekanyaga breki?" Utingo wake naye akaapa kwamba lori halikusonga hata inchi moja. Matatu ya nyuma ilishapata upenyo ikaenda zake na mashahidi wangu wote kumi na wanne. Afisa wa trafiki alipofika aliangalia mara moja tu na kusema ambacho afisa yeyote angesema: wewe ndiye uliyekuwa nyuma. Ndipo nikamwambia, kwa kiburi kidogo, "Afande, nina kamera."

Nikachomoa kadi, nikaiweka kwenye kipakatalishi pale pale kandokando ya barabara, sisi wanne tukitazama. Faili la mwisho lilikuwa la siku 19 kabla ya siku hiyo.

Siku 19! Na wakati huo wote taa nyekundu ya kamera ilikuwa inapepesa kila asubuhi kana kwamba kazi inaendelea. Kadi ilikuwa imechoka na kujifunga: inasomeka, lakini haiandikiki. Kamera ilijaribu kuandika, ikashindwa, ikanyamaza. Rejeta, bampa na taa moja vilinila shilingi 47,000, na kwa kuwa bima yangu ilikuwa ile ya mtu wa tatu tu, zilitoka mfukoni mwangu. Sidhani hata yule mzee alikuwa mwongo. Pengine kweli hakuhisi lori likirudi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi yangu ni programu. Nimeshawahi kumgombeza mtu kazini kwa kuweka nakala za hifadhidata ambazo hakuna aliyewahi kujaribu kuzirudisha. Kisha mimi mwenyewe nikaendesha gari wiki tatu na nakala ya hewa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: kamera ya gari si kifaa cha picha bali ni mfumo wa kuhifadhi data, na uichague kwa macho hayo. Nyingi za hizi zinazotangazwa 4K kwa bei ya mkate zina sensa ya 1080p, na programu inaitanua picha tu. 1080p halisi yenye sensa nzuri inakutosha. Usiku nambari za magari zitakuwa na ukungu kwenye karibu kamera yoyote, kwa sababu gizani kila fremu inahitaji muda mrefu wa mwanga na gari halisubiri. Dawa yangu ya bure: ukiona balaa, isome nambari ya gari kwa sauti. Maikrofoni itaidaka.

Sasa tuje kwenye kadi, ndiko kwenye kilio. Kamera yangu hurekodi kwa megabiti 15 hivi kwa sekunde. Gawanya kwa 8, zidisha kwa sekunde 3,600, unapata karibu gigabaiti 6.75 kila saa. Kadi ya gigabaiti 32 inajaa kabla ya saa tano kwisha, halafu kamera inafuta faili la kale kabisa na kuandika juu yake, mzunguko usio na mwisho. Seli za kumbukumbu hizi zina idadi ya mara zinazoweza kuandikwa, zikipita hapo zinakufa. Kadi ya simu haikuundwa kwa mateso ya namna hiyo, na watengenezaji wengine huandika wazi kwenye dhamana kwamba kadi zao za kawaida zikitumika kwenye kamera za gari, dhamana hakuna. Tafuta zile zilizoandikwa "Endurance". SanDisk na Samsung wote wanazo. Ile ya SanDisk High Endurance ya gigabaiti 64 imepimwa kwa hadi saa 5,000 za video ya Full HD. Bei inapanda kidogo, lakini linganisha na rejeta.

Halafu kuna kadi bandia, na mitaa yetu ya vifaa vya elektroniki tunaijua. Kadi imeandikwa 128 kumbe ndani ni 16, na imefundishwa kudanganya: unaandika, inasema sawa, data inapotea. Ukifika nyumbani tu, kabla hujaitia kwenye kamera, ipime. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, na sisi wa Linux tuna F3. Inajaza kadi yote kisha inasoma tena kila kitu. Inachukua saa kadhaa, iache ikifanya kazi ukalale.

Jambo la pili ni umeme. Faili la MP4 lina faharasa, yaani orodha inayosema kila fremu iko wapi, na kwa kawaida kamera huiandika mwisho, faili likifungwa. Ajali ikikata umeme kabla ya hapo, unabaki na rundo la data lisilofunguka, na hizo ndizo sekunde ulizozihitaji. Ndiyo maana kamera inahitaji akiba ndogo ya umeme ndani yake. Nyingi hutumia betri ya lithiamu, na mimi nasema ikwepe. Betri hizo kwa kawaida hazifai kuchajiwa zikipita nyuzi 45 za joto, na wewe unaibandika nyuma ya kioo, juani, kisha unaegesha gari Mombasa mchana kutwa. Huvimba. Chukua yenye kapasita. Kapasita haikupi dakika 20 za kurekodi, inakupa sekunde chache za kufunga faili, na hizo zinatosha.

La tatu ndilo lile swali langu: ilie kadi ikikataa. Kamera nzuri hupiga mlio au husema kabisa kwa sauti. Hili halitangazwi kwenye boksi, itabidi upakue kitabu cha maelekezo usome kabla ya kununua.

Kuifunga sasa. Kile kikombe cha kunyonya kioo kinadondoka siku ya jua, mara nyingi ukiwa kwenye mwendo. Tumia gundi ya pande mbili ya 3M, ile ya VHB, na kabla yake safisha kioo kwa spiriti. Mahali pazuri ni nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, upande wa kushoto kwetu tunaokaa kulia, ili isikuzibe macho na isivutie mwizi. Hakikisha ni sehemu ambayo waipa inafuta. Rafiki yangu aliiweka juu kabisa penye urembo mweusi wa kioo, na mvua ya Aprili ikampa filamu nzuri sana ya matone. Ielekeze upeo wa macho ukae katikati ya picha, usirekodi boneti na mawingu.

Waya upitishe chini ya kitambaa cha dari, kisha ushuke kwenye nguzo ya kando ya kioo. Hapo tahadhari: magari mengi yana mfuko wa hewa wa usalama ndani ya nguzo hiyo. Waya upite nyuma ya mfuko, kamwe usipite mbele yake, maana ukifumuka utakurushia waya usoni. Kama hujui ulipo, mlipe fundi wa umeme wa magari na usimame umwangalie. Mwambie achukue umeme kwenye fyuzi inayowaka na ufunguo. Ukitaka irekodi gari likiwa limeegeshwa, nunua kile kifaa kinachokata betri ikishuka, mimi nimekiweka volti 12.2. Bila hicho utamwita jirani akusukume kila asubuhi.

Na kama kamera ina Wi-Fi, badilisha nywila. Nyingi hutoka kiwandani na 12345678, na kijana aliyekaa kwenye gari la kando anaweza kuona ulikopita wiki nzima.

Ukipata ajali, usihariri wala kukata chochote. Chomoa kadi, iweke kando, tia nyingine. Sheria yetu ya Ushahidi inakubali rekodi za kielektroniki, lakini kifungu cha 106B kinataka cheti kinachoeleza kifaa gani kilitumika na rekodi ilitolewaje, na itakuwa rahisi zaidi kwako kukiandika ukiwa na kadi ya asili kuliko video iliyozunguka WhatsApp mara tatu.

Siku hizi nina kengele kwenye simu kila tarehe 1. Nachomoa kadi, nafungua faili la mwisho, naliangalia dakika moja, kisha naifomati kadi ndani ya kamera yenyewe. Leo asubuhi faili lilikuwa la saa 1:42, picha safi, ila saa ya kamera iko mbele kwa dakika tatu. Wakili angeishikilia hiyo. Nitairekebisha jioni nikitoka kazini.