Eti mpaka utoboe ndiyo upande maua? Tuache hizo jamani

Leo siji na habari za nani kaachana na nani, japo najua ndizo mnazozipenda. Leo nataka tuongee maua. Usifunge kwanza, soma mpaka chini, kuna kitu chako humu.

Juzi kati kuna staa mmoja wa kike, simtaji jina ila ukisikia sauti yake tu unamjua, alitupia picha akiwa bustanini kwake. Boganvilia zimepanda mpaka ghorofani, nyasi kama zulia, yeye kakaa katikati kashika mkasi, kucha ndefuuu, gauni jeupe halina hata tone la tope. Akaandika kwamba ndiyo kazi yake ya kila asubuhi. Sawa dada, tumekusikia. Ila sisi tunaoshika jembe tunajua, kwa kucha zile hung'oi hata gugu moja. Halafu pembeni kabisa mwa picha unaona mkono wa mkaka kashika mpira wa maji, mwili wote umekatwa. Kwangu mimi yule ndiye mwenye bustani. Angemtaja hata jina tu, asingepungukiwa kitu.

Lakini sijaja kumsema yeye. Kilichonigusa ni komenti za chini. Watu wamejipanga: "Mungu nami nikumbuke nitoboe, nataka bustani kama hii." "Nikijenga tu lazima." "Siku yangu inakuja."

Nikabaki najiuliza, nani katudanganya kwamba maua ni zawadi ya waliotoboa?

Huku kwetu huu ugonjwa umezidi. Kaka yangu anaishi Geita, maeneo ya Nyankumbu, anahangaika na uchimbaji mdogo. Alienda kwa miezi mitatu. Huu ni mwaka wa tisa. Chumbani ana kitanda, redio, ndoo mbili na begi, na lile begi hajawahi kulitoa vitu vyote. Nje pale mlangoni pakavu, hata jani. Nikimuuliza ananijibu, "Mdogo wangu, mimi hapa napita tu. Nikipata mzigo wa maana narudi Shinyanga najenga, hapo nitapanda hata msitu." Na ile sentensi yake ya siku zote: "Maua hayaliwi."

Miaka tisa mtu anapita tu! Na siyo yeye peke yake. Nenda Katoro, nenda Kahama, utakuta vyumba vya kupanga vimejipanga mstari, uwanja mweupe kama umenyolewa, kila mtu anaishi kama yuko stendi anasubiri basi. Wote wanasubiri dhahabu itoke ndiyo waanze kuishi. Wengine dhahabu haitoki. Wengine inatoka, inaishia baa, kesho wanaanza upya.

Mimi nimepanga chumba kimoja na sebule Ndembezi, hapa Shinyanga mjini. Sijatoboa, na wanaonidai vikoba wanajua. Ila mlangoni kwangu nina ndoo saba zilizopasuka, makopo ya rangi na tairi moja bovu, na vyote vina maua. Boganvilia mbili, waridi moja lenye maringo, alovera, na vile viua vya pinki vya petali tano ambavyo huwa vinaota mpaka makaburini. Wengine wanaviogopa kwa sababu hiyo. Mimi navipenda kwa sababu hiyo hiyo, maana kitu kinachoota makaburini bila mtu wa kukimwagilia hakiwezi kunishinda mimi.

Sasa msidhani ni raha tu. Saa 12 asubuhi niko nje na kopo kabla jua la Shinyanga halijaanza ubabe wake. Ukimwagilia saa sita maji yanakauka hata hayajafika kwenye mizizi. Mwezi wa sita mpaka wa tisa hapa mvua tunaisikia kwa watu wa Bukoba tu, kwa hiyo kila kitu kinategemea mkono wako. Na maji ni hela. Tunashukuru, mradi wa kutoa maji Ziwa Victoria, kule Ihelele, ulipozinduliwa 2009, Shinyanga na Kahama tulipumua. Ila bili inakuja, na nyumba ya wapangaji sita ukionekana unamwagilia maua kwa maji ya bomba, kikao kinaitishwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mimi situmii maji ya bomba kwanza. Natumia maji niliyooshea mchele, na maji ya mwisho ya kusuuzia nguo, yale ambayo povu limeshaisha. Maji ya kwanza yenye sabuni nyingi usimwage, utaunguza mizizi halafu uje kulalamika una mkono mbaya. Mbolea naokota samadi ya ng'ombe, hilo Usukumani haliwezi kukosekana. Ila isiwe mbichi. Niliwahi kuweka mbichi nikaliunguza waridi langu la kwanza, nikalia kama nimeachwa. Iache ikae miezi kadhaa mpaka iwe nyeusi, haina harufu, inameguka mkononi. Udongo wetu wa luseni ni mchanga mtupu, haukai na maji, sasa ukichanganya na samadi unatulia.

Hapo sijataja kuku wa jirani. Kuku ni adui wa maendeleo. Unafukia vizuri asubuhi, ukirudi jioni wamefukua wameoga vumbi humo humo. Dawa ni kutandaza miiba au mawe juu ya udongo. Sijataja kupogoa pia. Boganvilia ukiionea huruma inakuwa kichaka cha majani, ukiikata ndiyo inatoa maua. Miiba yake imenichana mikono mpaka kuna kaka mmoja aliniuliza kama nafuga paka. Na sahani za chini ya ndoo lazima umwage maji, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Faida yake sasa? Maua hayaliwi, kweli. Ila nikitoka usiku kazini nimechoka, bosi kanisema mbele za watu, nikifika pale mlangoni kuna kitu kinachonisubiri mimi. Asubuhi nikiwa na kopo langu wamama wanaopita kwenda sokoni wanasimama, "Mwangaluka!", wanaomba kijiti, tunaongea. Nilikaa mtaa ule mwaka mzima bila kujua jina la jirani. Nimejulikana kwa maua.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "We dada, nyumba ya kupanga, unampambia mwenye nyumba bure." Subiri, yalinikuta. Nyumba niliyokaa kabla ya hii nilipanda boganvilia ardhini kabisa, ukutani. Ikapanda, ikachanua, nyumba ikapendeza mpaka watu wanapiga picha getini. Baada ya miezi michache mwenye nyumba akaniambia nihame, kijana wake anarudi kutoka Mwanza. Kijana hakurudi. Aliingia mpangaji mwingine kwa kodi kubwa zaidi. Niliumia, sitawadanganya. Wiki nzima nilikuwa nazunguka njia nyingine nisiuone ule ukuta.

Lakini kabla sijahama nilikata vijiti vitano, nikavifunga na gunia bichi, nikahama navyo. Vitatu vilishika. Viwili ndivyo hivi viko kwangu Ndembezi, cha tatu nilimpa mama mmoja wa jirani. Kwa hiyo alichobaki nacho mwenye nyumba ni mti mmoja, na mimi nilichoondoka nacho ni ufundi. Tangu siku hiyo napanda kwenye ndoo. Siku ya kuhama napakia kwenye guta pamoja na godoro.

Na tukumbushane kitu. Huu mkoa wetu ulikauka mpaka watu wakawa wanauita jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, wazee wetu wakarudishia ngitili, yale maeneo ya malisho yanayofungwa ili majani na miti iote tena. Wale wazee hawakusema tusubiri tutoboe kwanza. Walianza wakiwa na kiu, wengine wamekufa bila kukaa kwenye kile kivuli. Sisi tunashindwa ndoo moja?

Angalizo kwa ndugu zangu wa Geita na Kahama: udongo usichukue karibu na mwalo wa kuchenjulia dhahabu. Ule wa marudio unaonekana laini na mzuri, ila umepita kwenye zebaki, na zebaki ni sumu inayoharibu ubongo na figo. Usiuweke kwenye kopo mlangoni ambako watoto wanachezea. Chukua udongo mbali na huko, na usipande mchicha wala kitu cha kula kwenye udongo usioujua.

Sasa nimalizie na kaka yangu. Mwezi uliopita alikuja kwenye msiba. Asubuhi ya kuondoka nikamkuta amechuchumaa mbele ya boganvilia anaangalia, hasemi kitu. Nikakata vijiti vitatu nikamfungia kwenye gunia. Akasema "Utanisumbua wewe," ila akavichukua.

Jana usiku kanipigia. Nikajua anataka hela. Akaniambia viwili vimekauka, kimoja kina majani mawili, amekipanda kwenye kopo la rangi. Halafu akauliza, "Hivi hiki kinamwagiwa mara ngapi?"

Nikamwambia kopo moja asubuhi, usizidishe. Akajibu sawa. Kisha akaniambia kwamba ametoa vitu kwenye lile begi, kaweka nguo kwenye boksi vizuri, maana dirishani alitaka nafasi ya kuwekea kopo.

Wadau, mimi nasema usisubiri mjengo. Tafuta ndoo iliyopasuka leo, omba kijiti kwa jirani, anza. Wewe mlangoni kwako kuna nini? Na kama una mkaka au mdada anayekumwagilia, mtaje jina hapo chini tumpe maua yake.