Acheni Kuusingizia Umeme

Ingia duka lolote la vyombo vya nyumbani hapa Mtwara mjini, uliza jiko la kupikia. Muuzaji hatakuuliza mnakula wangapi, mnapika nini, wala nyaya za nyumba yako zikoje. Atakupeleka kwenye majiko ya gesi: la plate mbili kama mfuko mwepesi, la plate nne lenye oveni kama mfuko mzito. Ukitaja la umeme anakuonea huruma. "Hilo linakula umeme, dada, utalia na luku." Wateja wawili watatu waliosimama pembeni wataitikia, maana usemi huo tumekua nao sote. Umeme ni wa taa, televisheni na friji. Kupikia ni gesi, na asiyemudu gesi akapikie mkaa.

Usemi huo ni wa uongo, na sijui mji mwingine Tanzania ambako uongo huo unaumiza kama hapa kwetu.

Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Ikakaa chini ya ardhi zaidi ya miaka 20, hadi mwishoni mwa 2006 ilipoanza kutoka, na kuanzia 2007 ikaendesha mitambo ya kufua umeme hapa hapa Mtwara. Kwa miaka mingi taa za Chuno, za Shangani, za Mikindani na hata za Lindi ziliwaka kwa gesi hiyo, nje kabisa ya gridi ya taifa. Mwaka 2013 wananchi wa mkoa huu walisimama wakasema "gesi haitoki", wakipinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba na ofisi zilichomwa. Bomba likajengwa, likazinduliwa Oktoba 2015, kutoka Madimba hapa Mtwara hadi Dar es Salaam.

Sasa muulize kijana wa Chuno gesi iliyomo kwenye mtungi wa mama yake inatoka wapi. Wengi watakujibu bila kusita: Msimbati, kwenye visima vya Ghuba ya Mnazi. Haitoki Msimbati. Gesi ya Ghuba ya Mnazi ni methani, ambayo husafiri kwa bomba. Ya kwenye mtungi ni propani na butani, huja kwa meli kutoka ng'ambo, hushushwa Dar es Salaam na Tanga, kisha huteremshwa kwa barabara mpaka kwetu. Gharama za meli, bandari na lori zimo kwenye bei unayolipa kila mtungi unapokwisha. Ndani ya nyumba yako, kitu kilicho karibu zaidi na gesi ya Mnazi ni soketi ya ukutani, na hicho ndicho tulichoambiwa tukiogope.

Zipo nyumba chache mjini ambazo TPDC imezifikishia bomba la gesi asilia. Ukiwa na bahati hiyo, pikia gesi na usinisikilize zaidi. Ila fundi abadilishe nozeli za jiko kwanza, kwa sababu jiko la gesi ya mtungi halifungwi kwenye bomba la methani hivi hivi. Makala haya ni ya sisi wengine ambao bomba halijapita mlangoni.

Tupige hesabu, na kila msomaji aweke bei za mtaani kwake. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la karibu uniti 13 za umeme, kwa hiyo mtungi wa kilo sita ni uniti 77 hivi. Lakini moto wa gesi hulamba pembeni ya sufuria na kwenda na upepo. Kinachoingia kwenye chakula ni kama nusu tu, tuseme uniti 40. Ukiujaza mtungi huo kwa Sh 25,000, kila uniti iliyofika kwenye chakula imekugharimu Sh 625.

Umeme je? Bei ya kawaida ya matumizi ya nyumbani ni Sh 292 kwa uniti. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani na tozo za REA na EWURA, inafika Sh 356. Jiko la koili, lile la kizamani linalolaumiwa kuliko yote, huingiza chakulani kama asilimia 70 ya umeme linaotumia. Hiyo ni Sh 510 kwa uniti iliyofika. Jiko la indaksheni, linalopasha sufuria yenyewe badala ya kupasha hewa, huingiza asilimia 85 hivi: Sh 420. Jiko la umeme lililo baya kuliko yote bado linaushinda mtungi mdogo.

Mkaa ndio mshindani wa kweli. Kilo moja ina joto la uniti nane, na jiko la bati likijitahidi sana linaingiza robo yake. Kilo ikiwa Sh 800, uniti moja imekufikia kwa Sh 400. Hapo mkaa na umeme wako sawa, kabla hujahesabu mkaa unaoendelea kuwaka wakati chakula kimeshaepuliwa, na kabla hujahesabu kifua cha anayepuliza. Serikali yenyewe inasema Watanzania wapatao 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yatokanayo na moshi wa kupikia. Mikoko ya maingilio ya Ruvuma, iliyo ndani ya hifadhi ya bahari tangu 2000, nayo inakatwa kwa nguzo na kuni huku tukibishana kuhusu luku.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa bei ndogo hawaelezwi. Nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa Sh 100 kwa uniti, na Sh 122 ikijumlishwa kodi na tozo. Hapa Chuno familia ngapi zina taa sita, televisheni na feni, na mwezi unakwisha zimetumia uniti 40? Hizo 35 zilizobaki ni haki yao kwa bei ya chini kuliko nishati yoyote inayouzwa mtaani, na haziguswi. Zote kwa pamoja ni Sh 4,270. Mama anaziacha, anatoka na kopo kwenda kununua mkaa. Kweli, ukivuka 75 bei inapanda, na anayetaka kupikia umeme kila kitu lazima alijue hilo mapema. Lakini hakuna anayelazimishwa kupikia umeme kila kitu. Apikie uniti zake 35 kwanza.

Uongo huu haukuanza bila sababu, na kukisikiliza chanzo chake kunasaidia. Jiko la koili la wati 1,500 likiwekewa maharage kwenye sufuria yenye kitako kilichobonyea, mfuniko umekaa upande, kwa saa mbili, litatumia uniti mbili hadi tatu, na mama atazitazama zikishuka kwenye mita. Mita ina kioo, inakuonyesha kila senti ikiondoka. Mkaa hauna kioo. Kopo la leo, la kesho na la keshokutwa hayajumlishwi na mtu, kwa hiyo yanaonekana madogo. Isitoshe, kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo kwenye luku, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ununuzi wa kwanza wa mwezi unatoa uniti pungufu, na lawama inabandikwa kwa jiko ambalo pengine hata halikuwashwa.

Dawa ya maharage si koili, ni presha kuka ya umeme. Loweka nusu kilo usiku, asubuhi funga mfuniko, washa. Chungu hicho kina kuta zinazotunza joto na mvuke hautoki, hivyo kikishapata presha umeme unajizima na kujiwasha wenyewe kwa vipindi vifupi. Nusu kilo haifiki nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ni chini ya Sh 180; kwa bei ya nyumba ndogo ni chini ya Sh 65. Mbaazi, kunde, utumbo, makongoro na ming'oko ya msimu, vyote ni vyakula vya saa nyingi jikoni, na vyote ni kazi ya chungu hicho. Hakuna mtungi wala gunia litakalokupikia maharage kwa Sh 65.

Lakini presha kuka haisongi ugali. Hapa nawageukia pia wanaouza umeme kama dini. Ugali wetu wa muhogo unataka mkono, unataka sufuria isiyokimbia, unataka moto unaopanda na kushuka haraka. Kwenye kioo laini cha jiko la indaksheni sufuria inateleza, na pigo la mwiko linaweza kukipasua. Watu wanaosonga ugali wa watu wanane watumie koili lenye miguu imara au jiko la gesi la mezani, wala wasione haya. Ambalo sitalinyamazia ni kile kichwa cha jiko kinachofungwa juu ya mtungi wa kilo sita. Kimegawiwa nchi nzima kama ndiyo nishati safi, na sufuria ya ugali ikipanda juu yake inasimama kwenye kitu chembamba kinachoyumba, watoto wamezunguka. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni jema. Kuligeuza kuwa sherehe za kugawa mitungi, ambayo mingi ikiisha mara ya kwanza inasukumwa uvunguni, ni kuwakosea wanawake waliosafiri kuja kuipokea.

Kabla hujanunua jiko la kioo, jua kwamba dukani yapo ya aina mbili yanayofanana kwa sura. Moja ni indaksheni, jingine ni la infraredi, ambalo huwaka jekundu chini ya kioo. La infraredi hupokea sufuria yoyote, ila faida yake inakaribiana na ya koili. Indaksheni huikataa kabisa sufuria ya alumini, na nyumba nyingi za hapa hazina nyingine. Beba sumaku, hata ya spika mbovu, uigusishe kwenye kitako cha sufuria zako nyumbani. Isiposhika, ama uongeze bei ya sufuria mpya kwenye hesabu, ama usinunue indaksheni. Muuzaji asiyekuambia hivyo hakutakii mema. Na jiko la wati 2,000 huvuta karibu ampea tisa: lisichomekwe kwenye ekstensheni ya bei rahisi yenye chaja za simu na redio. Fundi apitishe waya wa milimita za mraba 2.5 hadi kwenye soketi ya jikoni. Shoti nyingi zinazosimuliwa kuhusu majiko ya umeme ni za waya mwembamba.

"Umeme unakatika." Unakatika, kila mkazi wa Mtwara anajua, na tuna haki ya kuulalamikia mpaka utulie. Ndiyo maana jiko moja la gesi libaki ndani. Lakini mtungi wa dharura unakaa miezi mitatu minne. Mtungi wa kila siku hauchukui hata mwezi kwa familia ya watu sita.

Faida kubwa kuliko zote sijaisikia ikitajwa kwenye semina yoyote. Nyumba nyingi za Chuno huishi kwa fedha ya matumizi ya siku. Baba anaacha elfu tano mezani, mama anaigawa. Mtungi unataka Sh 25,000 kwa mkupuo, fedha ambayo mkulima wa korosho huwa nayo baada ya mnada na ifikapo Machi hana. Ndiyo maana mkaa unashinda: unauzwa kwa kopo. Umeme nao unauzwa hivyo hivyo. Kwa simu, saa mbili usiku, unanunua wa Sh 1,000, na kwa bei ndogo hiyo ni uniti nane. Ni nishati safi inayopatikana kwa kipimo cha maskini, na ndiyo tunayomwambia maskini kwamba ni ya matajiri. Malipo ya korosho yakiingia, kabla ya televisheni kubwa zaidi, presha kuka inunuliwe. Inapatikana kwa laki moja na ushee. Na aliye jikoni kila siku ndiye aulizwe achague, si anayekuja kukuta chakula kimeshapakuliwa.

Nimalizie na wenye nyumba, maana wao ndio walinzi wakubwa wa uongo huu. Ukipanga chumba Chuno, sharti la kwanza baada ya kodi ya miezi sita ni hili: hakuna jiko la umeme, hakuna hita. Mita ni moja, wapangaji ni watano, kila mmoja anachanga sawa, na anayepikia umeme anaonekana mwizi. Kwa mpango huo ugomvi hauepukiki, nakubali. Lakini kosa hapo si la jiko. Ni la mwenye nyumba anayekusanya kodi ya vyumba vitano na hataki kufunga mita ndogo kwa kila chumba, kifaa ambacho fundi hukifunga kwa siku moja. Kila mpangaji atalipa alichotumia, na sharti lile halitakuwa na pa kusimamia. Mpangaji anayesoma haya, kabla hujalipa miezi sita mingine, dai mita yako.