Karatasi ya damu inayosomwa mstari mmoja

Mwanamke wa Dongobesh wilayani Mbulu au Bassotu wilayani Hanang anayelalamika kwamba tumbo limejaa gesi na anashiba kwa matonge mawili, mara nyingi hutoka zahanati na dawa za vidonda vya tumbo. Akirudi, hupewa za amiba. Akirudi tena, za U.T.I. Si rahisi kumlaumu tabibu: saratani ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai ya uzazi, hujificha ndani ya malalamiko hayohayo, na kote duniani wagonjwa wengi hugundulika ikiwa imeshasambaa tumboni. Mwaka 2022 ilikadiriwa kuwapata wanawake zaidi ya 320,000 na kuua zaidi ya 200,000.

Kabla mgonjwa hajapewa rufaa, kuna kipimo ambacho ni nadra kukikosa: picha kamili ya damu, au FBP kama wanavyoiita wauguzi. Mashine hutema karatasi yenye safu za herufi na namba. Daktari mwenye foleni ndefu hukimbilia mstari wa HGB aone kama damu imepungua, kisha karatasi hubanwa kwenye faili.

Mistari mingine nayo ina habari. Tuseme neutrofili ni 6.4 na limfosaiti 1.6, zote zikiwa chembe nyeupe za damu; ukigawanya, unapata 4. Uwiano huu umechunguzwa katika tafiti nyingi, na kwa ujumla wagonjwa wa saratani ya ovari ambao uwiano wao uko juu kabla ya matibabu huishi muda mfupi kuliko walio chini. Uvimbe huuchochea mwili kumwaga neutrofili kwa wingi, huku limfosaiti, ambazo ndizo huzisaka seli za saratani, zikipungua.

Halafu kuna PLT, yaani chembe sahani, zinazogandisha damu. Mwaka 2012 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 619 wa saratani hii. Asilimia 31 walikuwa na chembe sahani zaidi ya 450,000 kwa kila mikrolita walipogundulika, na hao ndio ambao kwa kawaida ugonjwa ulikuwa umefika mbali na maisha yakawa mafupi. Uvimbe hutoa interlukini-6, ambayo hulifanya ini lizalishe homoni ya kuongeza chembe sahani. Chembe hizo nazo huusaidia uvimbe kukua.

Ila namba hizi hazigundui saratani, na atakayeziuza kama kipimo cha saratani cha bei poa atakuwa anawaibia watu. Huko Mbulu na Hanang zina njia nyingi za kupotosha. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kupandisha chembe sahani, malaria huzishusha. Virusi vya Ukimwi hupunguza limfosaiti. Kifua kikuu na brusela, ambayo wafugaji wanaweza kuipata kwa maziwa mabichi, navyo huvuruga hesabu.

Kuna tatizo jingine, zito zaidi. Mipaka ya uwiano inayotajwa kwenye majarida imetoka zaidi kwa wanawake wa Asia, Ulaya na Marekani, na hata wao hawakubaliani mpaka uwe wapi. Waafrika wengi wana neutrofili chache kwa kuzaliwa, bila ugonjwa wowote. Utafiti wa watu wazima wenye afya mkoani Mbeya, uliochapishwa mwaka 2008, ulipata viwango vya damu visivyolingana na vya nchi tajiri. Kuazima mpaka wa Shanghai na kumhukumu nao mama wa Katesh ni kubahatisha.

Dawa ya hilo ni kutafuta mipaka ya kwetu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, huko Mbulu, inatibu watu tangu mwaka 1955 na ina jina katika utafiti. Ikiunganisha karatasi za FBP na majibu ya hospitali ya KCMC mjini Moshi na taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, itajulikana nani alipona, nani alirudi na damu yake ilisemaje mwanzoni. Gharama kubwa hapo ni muda wa karani na nidhamu ya kutopoteza mafaili.

Wakati hayo yakisubiriwa, daktari anayeandika rufaa aandike FBP yote, si HGB pekee. Na mama, hasa aliyevuka miaka 50, ambaye tumbo limejaa kwa wiki kadhaa na dawa za vidonda hazijasaidia, asikubali dozi nyingine kabla ya kupigwa utrasaundi.