Kabla Uunde Apu Nyingine ya Kuunganisha Vijana, Keti na Chama Kwanza

Siku hizi kila msee ako na wazo la apu, na inayopendwa sana ni hii ya "kuunganisha wajasiriamali wa kijamii". Yaani wale vijana wanaokusanya taka mtaani, wale wanaoshona pedi za kufuliwa, wale wanaofundisha watoto kompyuta kwenye ukumbi wa kanisa: wote wapatane pahali pamoja, wasaidiane. Wazo ni poa. Shida ni venye tunaliunda.

Angalia vile majukwaa mengi ya aina hii huanza. Fungua akaunti. Weka picha. Andika maono na dhamira ya kikundi chenu, tena kwa Kizungu. Sasa fikiria katibu wa kikundi cha taka Mathare ambaye shida yake leo ni gurudumu la mkokoteni limevunjika na kesho ni siku ya kuzunguka kwa nyumba za watu. Huyo hakuja kujiuza. Anatafuta mkokoteni. Akifika swali la tatu ashaenda zake, na simuoni kama mvivu.

Kwa maoni yangu, jukwaa kama hili lianze na hitaji, si wasifu. Swali la kwanza: mnahitaji nini wiki hii? La pili: mko na nini ambacho kimekaa tu? Basi. Mambo ya picha na dhamira yatakuja baadaye kama kuna mtu anayataka.

Na si eti hii kitu haijawahi kufanyika hapa kwetu. Januari 2008, nchi ikiwa inaungua baada ya uchaguzi, Wakenya wachache waliunda Ushahidi kwa siku chache tu. Kazi yake ilikuwa moja: sema nini kimetokea na wapi, kionekane kwa ramani. Miaka miwili baadaye mfumo huo huo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mwaka 2009, vijana wa Kibera walishika vifaa vya GPS wakachora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, kupitia mradi wa Map Kibera, kwa sababu kwenye ramani za mtandaoni mtaa ulikuwa karibu patupu. Hakuna aliyeanza kwa kutaka kila mtu ajisifu. Walianza na kitu kinachohitajika.

Lakini mwalimu mkubwa wa muundo ni mama yako na chama chake. Chama hakina apu ya maana, na bado pesa inazunguka. Kwa nini? Mtu mpya haingii hivi hivi, lazima mwanachama amlete na amdhamini. Mweka hazina anasoma daftari mbele ya wote, kwa hivyo kila mtu anajua nani ametoa na nani bado. Ukichelewa, faini. Na hawako watu elfu kumi, wako ishirini wanaojuana. Chukua hayo yote uyaweke kwenye jukwaa lako: udhamini, daftari lililo wazi la nani aliazima nini na akarudisha lini, na vikundi vidogo vya eneo moja. Uaminifu ndio kazi ngumu hapa. Rangi za kurasa zinaweza kungoja.

Najua utaniambia, si tuko na WhatsApp? Kweli, na ni nzuri kwa kuongea. Kwa kukumbuka ni mbaya. Hitaji la mkokoteni likitumwa saa mbili asubuhi, saa sita limezikwa chini ya salamu za maua na michango ya mazishi. Jukwaa liwe ile kumbukumbu ambayo grupu haina.

Tena lisidai data. M-Pesa ilianza 2007 kwenye menyu ya laini ya simu, bila intaneti, na ndio maana hata shosho kijijini aliishika. Kama hitaji haliwezi kutumwa kwa SMS, umemfungia nje mtu uliyesema unamsaidia.

Kuna jambo lingine ambalo halichekeshi: picha na namba za watu. Msichana aliyepewa pedi si tangazo la mfadhili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Kama jukwaa halihitaji jina lake, lisiliulize.

Na tuache kuhesabu akaunti. Akaunti 5,000 ambazo hazijaguswa tangu siku ya uzinduzi hazijasaidia mtu. Hesabu mahitaji yaliyotimizwa: mikokoteni mingapi imepatikana, ukumbi umeazimwa mara ngapi.

Kwa hivyo kama uko kwa laptop sasa hivi unachora skrini ya kwanza, ifunge kidogo. Omba ruhusa ukae na chama kimoja wiki tatu, usikize tu. Halafu tafuta vikundi vitano vya wadi moja, uanze na daftari na SMS. Kama hawasaidiani kwa karatasi, apu haitawafanya wasaidiane. Wakianza kusaidiana, hapo sasa ndio utajua cha kuunda.