Daftari la Wiki: Ua la Tanga na Karatasi Zake

Jumatatu. Katika duka moja la maua nilimsikia muuzaji, ameshika kichungu chenye maua ya urujuani, akimwambia mteja, "Hili ni ua la Ulaya, bibi." Nikatoka nimeghadhibika, na ghadhabu ile haijanitoka.

Ua lile ni la Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Usambara, alilikuta karibu na mji wa Tanga limejishika katika nyufa za mawe ya chokaa, na tena huko juu msituni, akampelekea baba yake Ujerumani; na mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, akalitangaza kwa wataalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Ithibati ya maua kama haya imo katika zile karatasi ambazo juu yake mmea mkavu hubandikwa, na pembeni pakaandikwa mahali, tarehe, kimo cha ardhi, hata rangi ya ua, kwa kuwa rangi huchujuka, bali mahali pakiisha kuandikwa hapachujuki. Jina la mkusanyaji limo, na namba yake imo. Jina la mtu wa kijijini aliyemtangulia njiani kwa panga aghalabu halimo, wala jina ambalo wenyeji waliliita ua lao, na hiyo naihesabu kuwa dhuluma. Fauka ya hayo, karatasi zenyewe zina misiba yake: Machi 1943 mabomu yaliteketeza hazina ya mimea mikavu ya Berlin, pamoja na karatasi nyingi za nchi zetu, na ile iliyoanzishwa Amani, wilayani Muheza, mwaka 1902 ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, hata mwanafunzi wa Muheza atakaye kuzishika karatasi hizo hana budi kuvuka mpaka.

Jumatano. Tangu 2015 wataalamu wamelitia ua hili katika jenasi ya Streptocarpus. Basi mwenye kuzitafuta karatasi zake na atafute kwa majina mawili.

Alhamisi. Mvua. Alhamdulillahi.

Ijumaa. Baada ya sala nilishuka pwani na wajukuu, nikawaonyesha ule mtambaazi wa mchangani ambao jina lake la Kilatini, Ipomoea pes-caprae, hutaja mguu wa mbuzi kwa umbo la jani lake. Nikawauliza sisi twauitaje, wakanyamaza. Bibi mmoja aliyekuwa akiokota kombe akalitaja bila ya kuinua kichwa, nami nikaliandika, pamoja na jina lake yeye, ufuo, na tarehe.