Tazameni Bei, Acheni Bastola

Kila inapotajwa sinema ya In Time, hukumu ni ileile: wazo zuri, sinema mbovu. Wahakiki waliitoa mwaka 2011, watazamaji wakaipokea bila kuuliza, na mpaka leo ukiisifu mbele ya wajuzi utatazamwa kama mtu aliyeomba kuongezwa wali ulioungua. Kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, wahakiki walioikubali hawafiki 4 katika kila 10. Nasema hao wengine walikodolea macho bastola na magari, wakapitwa na bei.

Wazo lenyewe halina mpinzani. Andrew Niccol, aliyeandika na kuongoza, ametunga Marekani ambamo mtu akitimiza miaka 25 haongezeki uzee tena. Siku hiyo saa iliyo chini ya ngozi ya mkono inaanza kuhesabu kurudi nyuma, na ndani yake kuna mwaka mmoja tu. Mshahara ni muda, kodi ya nyumba ni muda, na saa ikigonga sifuri unaanguka palepale ulipo. Maskini wa Dayton huamka na saa chache mkononi. Matajiri wa New Greenwich wana karne.

Wahakiki wakasema fumbo hili ni la wazi mno. Wazi kwa nani? Tazama anavyokufa Rachel Salas (Olivia Wilde), mama yake Will, mhusika mkuu. Amelipa deni lake kwa uaminifu, amebakiwa na saa moja na nusu. Nauli ya basi ni saa moja, kwa hiyo hana wasiwasi. Anapopanda anaambiwa nauli sasa ni saa mbili. Anamsihi dereva: mwanangu ananingoja kituoni, atakulipa. Dereva hataki. Kwa miguu, nyumbani ni mwendo wa saa mbili. Mama anaanza kukimbia, usiku, barabara tupu, na mwanawe naye anakimbia kumpokea. Wanafikiana. Muda umekwisha.

Hapo hakuna risasi wala jambazi. Hata dereva ni mtu wa mshahara kama yeye. Aliyeua ni yule aliyepandisha nauli, na sura yake hatuoni. Abiria wa matatu aliyekwama Nairobi mvua inaponyesha hahitaji mhakiki wa kumfafanulia tukio hilo. Kikombe cha kahawa nacho jana kilikuwa dakika tatu, leo ni nne, na Will ananung'unika huku akilipa. Niccol hakueleza mfumuko wa bei kwa hotuba. Aliuweka kwenye bei ya kahawa, na waliokuja kutafuta hotuba wakarudi wakisema sinema haina kina.

Lalamiko jingine ni kwamba watu wanakimbia mno. Kweli wanakimbia. Will anapoingia New Greenwich akiwa na zaidi ya karne aliyopewa na tajiri aliyechoka kuishi, mhudumu wa hoteli anamtambua mara moja kuwa si wa kule, kwa sababu anafanya kila kitu haraka. Ana muda wote duniani, mwili wake bado haujapata habari. Wenyeji wa kule wanatembea polepole, hawaogelei baharini, wanaogopa ajali kuliko kitu chochote. Kwenye karamu tajiri wa benki, Philippe Weis, anamtambulishia mama mkwe, mke na binti yake Sylvia, na wote watatu ni wasichana wa rika moja. Kamera ya Roger Deakins inawapanga kama bidhaa dukani, na mtazamaji anasisimka ngozi.

Sitetei kila kitu. Maneno ya kuchezea muda yanarudiwa mpaka yanachosha, Justin Timberlake, anayeigiza Will, ni mwanamuziki mzuri aliyepewa mzigo mkubwa, na Sylvia anakimbia juu ya visigino virefu umbali ambao hata mwanariadha wa Eldoret angeukataa. Theluthi ya mwisho, ya Will na Sylvia kuvunja mabenki, ningeipunguza.

Lakini wanaouliza nani aliuanzisha mfumo huu, na mbona sinema haielezi, wanataka raha ambayo mkazi wa Dayton hana. Yeye amezaliwa akaikuta saa mkononi. Na askari anayemwinda Will, Raymond Leon wa Cillian Murphy, naye ametoka Dayton. Analipwa posho ya siku. Amejishughulisha na msako hadi akasahau kuichukua, na sheria aliyoitumikia miaka yote inamwangusha barabarani. Katika sinema za fani hii sikumbuki kifo cha mlinzi wa mfumo kilichofikiriwa vizuri kuliko hicho.

Wakasema pia dawa inayotolewa, kuiba na kugawa, ni ya kitoto. Sinema yenyewe imeshatilia shaka hiyo dawa: kila Will na Sylvia wanapogawa muda, bei na riba zinapandishwa ili kuunyonya upya. Ndiyo maana mwishoni wanaelekea benki kubwa zaidi, hawajashinda bado. Sinema ilitoka Marekani Oktoba 28, 2011, wakati mahema ya waandamanaji wa Occupy Wall Street, waliopinga pengo kati ya matajiri na maskini, bado yamesimama New York, na bado baadhi ya wahakiki wakaiona imetiwa chumvi.

Iligharimu takriban dola milioni 40, ikaingiza kama milioni 174, na zaidi ya robo tatu ya mapato hayo yalitoka nje ya Marekani. Nimeambiwa mara nyingi kuwa waliokata tiketi walifuata sura ya Timberlake. Basi mbona sura hiyo haikuwavuta vilevile nyumbani kwao, alikozaliwa?